Je, Wajua? Kaseti ileile, bei mbili

Kaseti ya Nintendo iitwayo Stadium Events, iliyotoka Marekani 1987, ni kati ya gemu zinazosakwa zaidi duniani. Toleo lake la Ulaya? Huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya lile la Marekani. Nintendo ilinunua haki za mkeka wake wa kukimbilia, kaseti za Marekani zikaondolewa madukani, na mchezo ukarudi 1988 kwa jina jipya: World Class Track Meet.

Huku kwetu mizani ni nyingine kabisa. Japani ilipata Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu kwenye televisheni, 1983. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994! Zanzibar ilikuwa nacho, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Gemu zilipofika Bara, nyingi zilikuwa za kuiga. Karatasi ya juu ilijigamba: michezo 9999 ndani ya kaseti moja. Ukiwasha, ni michezo michache, ileile ikirudiwa kuanzia hatua tofauti. Super Mario Bros. imeuza nakala zaidi ya milioni 40 duniani, lakini pale Mkula, Simiyu, kaseti yake halisi ingekuwa hazina.

Umeokota ya zamani? Igeuze, uhesabu meno ya shaba. Ya Famicom ina 60. Ya Marekani na Ulaya ina 72. Mashine nyingi za kuiga zilitengenezwa kwa meno 60, kwa hiyo kaseti ya Ulaya haiingii.