Ganda Tupu Siyo Mdudu Aliyekufa

Mikorosho inachipua, na juzi kijana mmoja hapa Msimbati aliniita kwa furaha. Siku chache baada ya kupulizia dawa, alikuta viganda vyeupe kwenye machipukizi. "Bwana shamba, mbu wa mikorosho wameisha!" Nikachukua kimoja. Kitupu, kimepasuka mgongoni. Wale hawakufa, walijivua gamba wakakua.

Tuelewane hapa, maana ndipo hela inapopotea. Mdudu hana mifupa kama sisi. Seli za ngozi yake hutoa protini na kaitini, zikapangwa nje ya seli safu juu ya safu. Hilo ndilo gamba. Ndani nako kuna utando mwembamba wa protini, ikiwemo kolajeni, unaoshikilia misuli na viungo vikae mahali pake mwili unapojengwa.

Gamba likishakauka halitanuki sana. Ili akue, mdudu hutengeneza jipya chini ya la zamani, hulipasua la zamani, anatoka. Mwanzoni jipya ni laini na limepauka. Baadaye protini zake hushikana, linakauka na kukolea rangi. Tunutu wa mbu wa mikorosho hupita hatua tano kabla ya kuwa mdudu kamili mwenye mabawa.

Sasa inakusaidia nini?

1. Hesabu wadudu walio hai na madoa mapya meusi kwenye machipukizi. Usihesabu maganda.

2. Muwahi tunutu. Hana mabawa ya kukimbilia na bado hajaanza kutaga.

3. Mayai yamefichwa ndani ya chipukizi, dawa haiyapati vizuri. Rudi kukagua kila wiki.

4. Zipo dawa zinazozuia kaitini kutengenezwa. Mdudu hafi siku hiyo hiyo, hufa anapojaribu kujivua. Mwenye mabawa hajivui tena, kwa hiyo hazimuui. Soma lebo, hakikisha imesajiliwa na TPHPA kwa zao la korosho.

5. Salfa ni ya ubwiri unga. Usiitegemee kwa mdudu huyu.

6. Ukiona majimoto kwenye mkorosho, waache. Wanakulindia shamba bure.

Yule kijana tulizunguka naye shambani, tukakuta tunutu wengi tu kwenye machipukizi. Na dawa iliyobaki alikuwa ameshaitafutia mteja!