Karatu inavuna kreta, magofu yanaambulia vumbi

Ukitaka kujua Karatu inaishi kwa nini, tazama foleni ya magari alfajiri kuelekea lango la Ngorongoro. Hoteli, gereji na hata wauza mboga wanategemea safari hiyo moja. Mwombe wakala wa utalii akuuzie safari ya magofu, atakujibu yapo, ila hayalipi.

Wakala mmoja, aliyeomba jina lisitajwe kwa kuwa leseni yake inapita kwenye ofisi anazozilalamikia, ana dukuduku la siku nyingi. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna mabaki ya makazi ya wakulima wa karne ya 15 hadi ya 18, na mifereji iliyomwagilia takriban hekta 2,000. Kwa mgeni, hapo ni pa kunyoosha miguu akielekea Ziwa Natron. Anapiga picha, anafungua lanchiboksi iliyofungwa hotelini tangu asubuhi, anaondoka. Kijiji kinabaki na ujira wa mwongozaji. Wakala anabaki na springi iliyokatika. Kushusha gari kreta ya Ngorongoro ni dola 250 kabla ya kodi na mteja hulipa bila kubisha. Ya magofu, asema, hata dola 10 inazua mjadala.

Amejaribu pia kuuza Kilwa Kisiwani, magofu ya mji wa kale wa pwani, ambako mawimbi yamekula upande wa ngome ya Gereza unaotazama bahari. Mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na kati ya 2004 na 2014 ulikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hakupata mteja. Aliyemaliza wanyama anataka bahari, na bahari kwake ni Zanzibar.

Ofisa mmoja wa sekta ya utalii anasema soko linakua: watalii wa nje waliokuja Tanzania walizidi milioni 1.8 mwaka 2023, wakavuka milioni 2.1 mwaka 2024. Sawa, lakini hesabu hiyo huchukuliwa mipakani, pamoja na aliyekuja harusini au mkutanoni. Nani alifika Engaruka, haisemi. Ofisa anataja pia hadhi ya jiopaki ya kimataifa ambayo eneo la Ngorongoro, pamoja na Engaruka, lilipewa mwaka 2018. Wakala anadai hajapata mgeni hata mmoja aliyeiulizia.

Barabara nzuri ya kwenda Engaruka huenda ikabadilisha mambo, au ikaharakisha tu magari kwenda Natron. Kilwa nako meli za kitalii zimeanza kutia nanga, ila abiria hulala melini. Wakala bado ameyaacha magofu kwenye orodha yake, bila bei. Anayeyataka wataelewana.