Je, Wajua? Macho ya Watu wa Mlimani

Je, wajua kwamba London ilibishana na macho ya mtu kwa zaidi ya miaka thelathini? Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani, akasema una theluji. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya ndani, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto. Ubishi ulizimwa mvumbuzi Joseph Thomson alipofika Laikipia mwaka 1883 na kuiona theluji hiyo. Wenyeji waliokuwa wakiutazama kila asubuhi, nani aliwauliza?

Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alirudi Ujerumani mwaka 1875 karibu haoni kabisa.

Je, wajua kwamba jina Kenya husemwa kuwa lina mbuni ndani yake? Krapf alilisikia kwa Wakamba, Kiinyaa, na wengi hulieleza hivi: mwamba mweusi na theluji nyeupe ni kama manyoya ya mbuni dume. Na jicho la mbuni, lenye upana wa sentimita 5 hivi, ni kubwa kuliko ubongo wake.

Ukiwa Nyeri na unataka kuuona mlima, toka nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likishapasha miteremko joto, hewa yenye mvuke hupanda, hupoa, huwa mawingu. Saa nne mara nyingi umeshajifunika.

Je, wajua kwamba mwaka 1943 wafungwa wa vita watatu Waitaliano walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande mlima tu? Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliuona mara moja mawingu yalipofunguka, usingizi ukamwisha. Hawakuwa na ramani. Walitegemea picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama! Wawili wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao. Walihukumiwa siku 28 selo, wakakaa 7.

Theluji mbichi hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno. Panda bila miwani ya jua, na usiku utahisi mchanga machoni.

Wale vijana wa Nanyuki wanaokuonyesha maji yakizunguka kulia upande huu wa ikweta na kushoto upande ule? Mchezo mtamu wa kudanganya macho, lakini ni mkono wao. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni hatua chache tu kutoka ikweta.

Je, wajua kwamba Kiswahili kinaweza kuona baridi, kuona kiu na kuona haya? Nyeri, ambako baridi ni ya kweli, watu hupenda kuisikia: “Naskia baridi,” kama Kikuyu kinavyosema.

Sasa jaribu hili. Nyoosha mikono, vidole gumba vikiwa pamoja. Funga jicho la kushoto, ukazie macho gumba la kushoto, kisha sogeza gumba la kulia polepole kuelekea kulia. Kabla ya shubiri moja kwisha, ncha yake itapotea. Hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotokea jichoni, na ubongo huziba pengo bila kukuambia.

Presha ya macho nayo hula uoni wa pembeni hivyohivyo, mara nyingi bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Mtoto wa jicho hupasuliwa, mtu akaona tena, lakini kilicholiwa na presha hakirudishiki. Kama umepita miaka 40, au mzazi wako aliugua presha ya macho, nenda ukapimwe mwezi huu.