Mto Hupimwa kwa Ukingo, si kwa Mtumbwi

Kwa watu wa Mazingara na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, mto una sura mbili. Mvua za masika zikinyesha, mto Msangasi hufura na kukata njia. Kiangazi kikikaza, sehemu kubwa ya mkondo wake hubaki mchanga, na hapo ndipo mali huonekana: mchanga wa kujengea, visima vya kuchimba kwa mkono, malisho, udongo wa bonde unaoshika unyevu. Na mali ikionekana, huulizwa ni ya nani. Katika nchi kavu za magharibi ya Marekani swali hilo hujibiwa kwa kutazama vyombo. Jimbo la Arizona, lililoingia katika muungano mwaka 1912, ni mwenye sakafu ya mto ikiwa mto huo, katika hali yake ya asili siku ile, ungeweza kupitika kwa vyombo vya kawaida vya usafiri na biashara. Kama haungepitika, sakafu inafuata mwenye ardhi ya kando. Ndiyo maana wanahistoria wamefukua magazeti, picha na masimulizi ya wasafiri ili kujua nani aliwahi kuelea na boti au magogo katika mto wa Salt, ambao leo, pale Phoenix, kwa kawaida ni changarawe na mawe. Nashikilia kwamba kipimo hicho, hata kikipendeza, hakitufai: hakiamui chochote kwetu, na kinaliacha gizani jambo linalogombanisha watu kweli, yaani ukingo uko wapi.

Tukiupima mto Pangani kwa kipimo chao, tatizo huonekana mara moja. Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walipanda mto huo kwa mtumbwi kutoka mji wa Pangani hadi Chogwe, kisha wakashika njia ya miguu kuelekea Fuga, makao ya mtawala Kimweri huko Usambara. Sehemu ya chini ilikuwa njia kweli. Mashamba ya miwa yalikuwa kando yake, na maji ya bahari huingia humo na kutoka. Lakini juu yake yako maporomoko ya Hale, na hakuna nahodha wa kuyapanda. Wajerumani walilielewa hilo: hawakuutegemea mto kufika bara, walianza reli kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Korogwe mwaka 1902. Je, Pangani unapitika? Jibu ni ndiyo hapa na hapana pale. Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe ilikiri ugumu huu mwaka 2012 katika kesi ya Montana, iliposema mto upimwe kipande kwa kipande, na maporomoko yanayowalazimisha watu kubeba chombo nchi kavu hayawezi kupuuzwa. Tena kuvuka si kusafiri. Mtumbwi wa kumvusha mtu na mzigo wake hadi ng'ambo unaonyesha kwamba mto ni kizuizi, wala hauthibitishi kwamba ni barabara.

Hata maji ya kupimia yamebadilika. Bwawa la Roosevelt katika mto wa Salt lilikamilika mwaka 1911, mwaka mmoja tu kabla Arizona haijawa jimbo, na mahakama za huko zikalazimika kuufikiria mto wa Salt kana kwamba hakuna aliyeuzuia. Kwetu, bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika Pangani miaka ya 1960, na mafuriko yaliyokuwa yakilisha vinamasi vya Kirua yakapungua. Anayeutazama Pangani wa leo akakisia ule wa Burton anatazama mto mwingine.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba kipimo cha mtumbwi, pamoja na udhaifu wake, kinaulinda umma dhidi ya kunyang'anywa mto. Hoja hiyo ina uzito Arizona. Tanzania inafika huko kwa njia fupi zaidi: chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeyaweka maji chini ya udhamini huohuo. Hakuna haja ya kumtafuta mpiga kafi wa karne ya 19 ili umma upate haki yake. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silidharau: mali ya umma hugeuka kuwa ya mwenye lori. Ndiyo, hutokea. Lakini dawa yake ni kuubana udhamini. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Arizona ilikataa sheria iliyokuwa ikiachia madai ya jimbo juu ya sakafu za mito bila uchunguzi wa kutosha, kwa sababu mdhamini hagawi mali ya anaowadhamini kwa kufumba macho. Hilo ndilo la kuazima kutoka kwao.

Linalobaki ni ukingo, na hapa sheria zetu zinahitaji msaada wa watu wanaouishi mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Katika mto wa mchanga, mita hizo zinaanzia wapi? Ukianzia kwenye kijito cha Septemba, shamba linaingia katikati ya mkondo wa masika. Ukianzia kwenye alama ya gharika iliyokuja mara moja, mkulima anapoteza ardhi aliyoirithi. Dalili zipo: mahali mmomonyoko unapokoma, mstari wa takataka zilizoachwa na maji ya kawaida ya masika, mikuyu mikubwa iliyoshika udongo, kumbukumbu za wazee kuhusu mahali mifugo ilipokuwa ikivushwa. Halmashauri ya kijiji na wataalamu wa bonde la maji wanaweza kuutembea ukingo pamoja mara baada ya masika, pande zote mbili zikiwapo, waweke alama na kuziingiza katika mpango wa matumizi ya ardhi. Mkondo ukihama polepole, alama ziufuate. Ukiruka ghafla, kama mito inavyoweza kufanya katika mvua za aina ya El Nino ya 1997 na 1998, aliyeamka na shamba lake ng'ambo asihesabiwe kuwa amelipoteza, na ukingo utembewe upya kabla ya lori la kwanza kuteremka kuchota mchanga.