Kompyuta Inachelewa: Je, Tuzime Huduma Zake za Ndani?

Wapenzi wasomaji, wanafunzi wetu pamoja na wazazi, mwaka huu tumeulizwa mara nyingi kuhusu kompyuta zinazochelewa. Nyingi tulizo nazo majumbani hapa Mbezi Luis ni za mitumba, zenye ramu ndogo na diski ya kuzunguka ya zamani. Mtoto akiiwasha afanye kazi ya shule, chai inaweza kuiva kabla haijatulia. Hapo ndipo rafiki au fundi humwambia: "Zima sevisi zote, itakimbia." Je, ni kweli?

Kwanza tufahamu huduma hizi ni nini. Ni programu ndogo ndogo zisizo na dirisha lake, ambazo Windows huziwasha yenyewe hata kabla hujaandika neno la siri. Moja husimamia sauti, nyingine printa, nyingine mtandao. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, na orodha itatokea. Huzidi mia moja, na wengi hushtuka wakiiona. Lakini nyingi zimeandikwa "Manual", maana yake zimelala hadi ziitwe. Kuzima kilicholala hakuongezi kasi yoyote. Hata zilizo macho, nyingi hutumia kumbukumbu kidogo mno kuliko kurasa chache za intaneti zilizoachwa wazi.

Isitoshe, huduma hizi hutegemeana. Windows Audio haiendi bila nyingine iitwayo Windows Audio Endpoint Builder. Aliyeizima hii ya pili kwa kuwa jina lake halikumwambia kitu ataweka kisomo cha Qur'ani, kompyuta itakaa kimya, naye atakwenda kununua spika mpya.

Inayozimwa zaidi kwetu ni Windows Update, na sababu tunaijua: inakula bando. Mzazi ameweka bando la wiki, jioni limekwisha, na hakuna aliyefungua hata video moja. Malalamiko hayo ni ya haki, ila dawa yake si hiyo. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi WannaCry kilipita katika ufa huo, kikaingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Hakikungoja mtu abonyeze kitu. Kilifunga mafaili na kudai dola 300 kuyafungua. Waliokuwa wamekwisha kupokea marekebisho yale, ufa ule ulikuwa umezibwa kwao. Kuizima huduma hii kwa ajili ya kasi ni kung'oa mlango ili nyumba ipate hewa. Kwa ajili ya bando, ingia kwenye mipangilio ya mtandao katika Windows 10 au 11, uwashe "Metered connection". Kompyuta itajua kuwa unalipia kila megabaiti, na itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji.

Hatusemi kwamba kuzima ni kosa siku zote. Julai 2021 ulipogunduliwa ufa katika Print Spooler, huduma ya printa, Microsoft wenyewe walitaja kuizima kuwa njia mojawapo ya kujikinga. Nyumba isiyo na printa haipotezi sana kwa kuizima. Zipo pia SysMain, inayotayarisha mapema programu unazozitumia sana, na Windows Search, inayoorodhesha mafaili yako. Kwenye diski ya zamani hizi mbili zinaweza kuishughulisha hadi kompyuta ikaganda. Usikimbilie "Disabled". Bonyeza "Stop" kwanza, ufanye kazi zako kwa saa kadhaa. Usipoona tofauti, iwashe upya kompyuta nayo huduma itarudi yenyewe.

Ila kabla ya yote hayo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona nani anakula diski na ramu. Mara nyingi si huduma za Windows, bali programu zilizojipachika kwenye orodha ya kuanza zenyewe, na hizo huzimwa hapo hapo katika sehemu ya "Startup" bila hatari. Ikiwa zimezimwa na diski bado iko asilimia mia, fedha ya fundi ni afadhali iende kwenye diski ya SSD. Hakuna huduma utakayoizima ikakupa tofauti kama hiyo.

Wenye Windows 10 wametuuliza pia: kwa kuwa marekebisho ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, Windows Update ina kazi gani tena? Kazi ingalipo. Antivirasi iliyomo ndani ya Windows bado hupokea kwa njia hiyo taarifa za virusi vipya, na flashi za watoto wetu hupita kila steshenari kuanzia stendi hadi shuleni.