Bolti ya chini ya shokapu: nguvu si kila kitu

Kubadilisha shokapu za mbele za Toyota Hilux nyumbani si kazi ngumu. Tangu toleo la Vigo la katikati ya miaka ya 2000, shokapu na springi hukaa pamoja kama kitu kimoja: nati tatu juu, bolti moja ndefu chini. Hiyo ya chini ndiyo inayotoa watu jasho, hasa kwa magari ya Pwani, Tanga hadi Mombasa, ambako hewa ya chumvi inakula chuma mwaka mzima.

Wengi hudhani bolti imeshikwa na nati. Sivyo, nati mara nyingi hutoka. Kilichong'ang'ania ni mwili wa bolti ndani ya kibomba cha chuma kilichomo katikati ya bushi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huujaza upenyo ule mdogo na kuvibana vyuma viwili. Utaijua kwa mkono: unavuta spana, bolti inazunguka kidogo, ukilegeza inarudi yenyewe. Huo ni mpira wa bushi unaojipinda, bolti haijasogea. Ukiongeza paipu refu na kuvuta kwa hasira, utaikata kichwa.

Isugue kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, iache ilale hivyo, asubuhi rudia. Kabla ya kupiga nyundo, rudishia nati mpaka ilingane na ncha ya bolti ili meno yasiharibike. Kisha izungushe bolti mbele na nyuma, kidogo kidogo.

Moto usiwashe kabisa. Ndani ya shokapu mna mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa. Zikipata joto kali zinaweza kulipuka. Bora uikate bolti kwa msumeno wa chuma. Shokapu kuukuu unaitupa hata hivyo.

Na nati ya katikati, juu kabisa, ile iliyozungukwa na zile tatu, tafadhali usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Ikifunguliwa bila kifaa cha kubania springi, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Gari nalo likae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake, wala matofali.

Unaporudishia, paka mwili wa bolti mpya grisi ya kuzuia kutu. Usiikaze moja kwa moja mpaka gari lishuke na kusimama kwa magurudumu yake, kwani bushi iliyokazwa gari likiwa juu huchanika mapema.