Kompyuta ya kliniki na nauli ya mgonjwa wa Mbale

Anayeishi na VVU kule Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akishuka hadi hospitali ya rufaa ya Mbale hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na siku hiyo hashiki jembe. Dawa anapewa bure. Ada katika vituo vya serikali vya Uganda zilifutwa mwaka 2001. Kinachommaliza ni safari. Faida ya kompyuta hospitalini ipimwe kwanza hapo.

Kliniki nyingi za VVU nchini hutumia mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa uitwao UgandaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mhudumu huandika kwenye kadi ya buluu uzito wa mgonjwa, dawa alizopewa na majibu ya vipimo, kisha karani huyaingiza kwenye mashine. Baada ya hapo, maswali ambayo yangemfanya mtu afukue mafaili kutwa nzima hujibiwa mara moja: nani virusi vyake vimedhibitiwa? Nani kipimo chake cha mwaka kimepitiliza? Nani hakuja kuchukua dawa?

Hapo ndipo fedha zinapookolewa. Ambaye rekodi zinaonyesha hali yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu au zaidi, akaja si zaidi ya mara nne kwa mwaka badala ya kumi na mbili. Foleni hupungua, na daktari hupata muda wa kumhudumia kwa utulivu yule ambaye virusi vyake vinapanda. Huyo akicheleweshwa, virusi huzoea dawa, naye huhamishiwa dawa za hatua ya pili, ambazo ni ghali zaidi.

Jinja walishaonyesha kwamba kumpunguzia mgonjwa safari hakumdhuru. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 1,453 wa TASO, shirika la Uganda linalohudumia wanaoishi na VVU, waligawanywa: wengine walifuata huduma kliniki, wengine walipelekewa dawa nyumbani na wahudumu wa pikipiki. Matokeo ya tiba yalilingana, ila waliohudumiwa nyumbani walitumia fedha kidogo sana mifukoni mwao.

Lakini mashine haijui ambacho haijaambiwa. Kadi ikilala mezani wiki mbili kwa kuwa umeme umekatika au karani hayupo, daktari anaamua kwa taarifa za zamani. Makarani wengi walilipwa kwa fedha za Marekani, na misaada hiyo iliposimamishwa Januari 2025 udhaifu huo ulionekana wazi. Naamini mshahara wa karani na umeme wa jua vinastahili kuwemo katika bajeti ya serikali kama dawa zenyewe.

Nawe msomaji unayehudhuria kliniki, jiandikishe kwa jina lilelile kila uendako, toa namba ya simu inayopatikana, na kabla ya kuondoka uliza kama majibu ya kipimo chako yameshaingizwa.